Kipimo cha Kiuno

Inspekta Mahfoudh alipoingia barazani kwa Bwana Suud, mdila wa kahawa ulikuwa bado una moto. Bwana mwenyewe alikuwa chali juu ya zulia, mguu mmoja umekunjika chini yake, kofia imemtoka. Tundu lilikuwa moja, kifuani, upande wa moyo. Damu haikuwa nyingi, na aliyeingia kwa haraka angesema kajilaza kidogo baada ya halwa.

Mahfoudh alichutama akatazama vikombe. Vilikuwa viwili. Cha marehemu kilikuwa kitupu. Cha mgeni kilikuwa kimejaa, hakikuguswa. Basi mgeni kakaribishwa, kamiminiwa, na hakunywa. Kwa watu wa huku hilo peke yake ni ugomvi.

Chini ya mto aliokota ganda la risasi kwa ncha ya kalamu: shaba, fupi, milimita saba nukta sita tano. Ni risasi ya bastola ndogo, ya kufichwa. Saa tatu ya asubuhi mji mzima wa Matrah, jirani na Maskati, uko macho, uchochoro umejaa watu na kelele za kumeza mlio mmoja mdogo, na muuaji kapita kati yao na silaha mwilini asiulizwe hata anakwenda wapi.

Ilikuwa Disemba ya mwaka 1970, wiki ya pili baada ya Idi. Waliotawanyika tangu mapinduzi ya Unguja, wengine Dubai, wengine Mombasa, wengine Cairo, walikuwa wakirudi kwa makundi kwenye nchi ya babu zao, nchi ambayo wengi hawajapata kuitia machoni. Mahfoudh naye ni hao hao. Alikuwa polisi Unguja miaka kumi na mmoja, mkimbizi Dubai miaka sita, na sasa ana miezi mitatu katika polisi wa Maskati. Nyota zake za mabegani zilikuwa mpya kabisa.

Bwana Suud alikuwa mtu mkubwa kwa wageni hao. Kila aliyefika alipitia kwake, naye huandika mstari mmoja: huyu namjua. Bila ya mstari ule hupati karatasi, na bila ya karatasi hupati kazi. Jioni baraza ikijaa, alikuwa akihadithia usiku wa Januari 1964: majirani walivyombishia, alivyofungua mlango akawaingiza wote, akasimama kizingitini na bastola yake kubwa ya leseni mpaka kukapambazuka. Watu hawakuchoka kuisikia. Mahfoudh mwenyewe aliisikia mara nne.

Mjane, Bibi Kheiria, alikuwa keshaingia eda. Mahfoudh alimhoji kutoka upande wa pili wa pazia la mlango wa ndani.

"Ulimwona aliyekuja?"

"Sikumwona. Nlisikia sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya Sleyum."

"Sleyum yupi?"

"Wako, Mahfoudh. Shemeji yako."

Kalamu ya Mahfoudh haikusimama. Akauliza walikuwa wakisema nini. Bibi Kheiria akajibu wakigombana, juu ya karatasi. Na kweli, Ijumaa iliyopita, mbele ya watu thelathini, Sleyum alimtolea Suud maneno makali kwa kumcheleweshea mstari wake. Hilo halikuwa siri. Msikiti mzima ulisikia.

Akamkamata mwenyewe. Angeweza kumtuma askari, lakini hakutaka mkono mwingine umguse. Alimkuta Sleyum penye gari la kampuni anayofanyia kazi ya udereva, kavaa shati jeupe na suruali. Akampapasa kiuno, na pale ndani ya mkanda, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, vidole vyake vikagota chuma.

Bastola ilikuwa ndogo, inakaa yote kiganjani. Ilikula risasi zile zile, saba nukta sita tano, na moja ilikuwa imepungua. Wiki nzima Sleyum alikula sinia moja na yeye, magoti yanagusana, na Mahfoudh na upolisi wake wote hakuona kitu. Aliona haya kuliko alivyoona hasira.

Sleyum alisema risasi ile aliipiga bondeni, akijaribu, kwenye kopo. Saa tatu alikuwa garini, njia ya Ruwi, peke yake. Hapana aliyemwona.

"Ya nini bastola, Sleyum?"

"Unaniuliza wewe?" Sleyum alimtazama. "Sitini na nne walipoingia kwetu nlikuwa mkono mtupu. Siwi mkono mtupu tena."

Mkubwa wa Mahfoudh, Meja mmoja wa Kiingereza, mtu mpole lakini hapendi mambo kulala mezani, alisoma jalada mara mbili. Sauti imetambuliwa, ugomvi upo, silaha ipo. Mahfoudh akasema alama iliyopigwa na pini ya bastola kwenye ganda inaweza kulinganishwa na bastola ya Sleyum. Meja akasema mtaalamu wa kuisoma hayuko Maskati. Itabidi ganda lipelekwe ng'ambo, na huko ni miezi. Isitoshe, mtuhumiwa ni shemeji wa mpelelezi, na watu watasema. Kesho adhuhuri Sleyum apandishwe ngomeni, kwenye gereza, na kesi apewe mwingine. Mahfoudh aliijua ngazi ile ya mawe juu ya bandari, na aliwajua watu waliopandishwa mahabusu, wakakaa mpaka waliowangoja wakachoka.

Nyumbani hakuweza kula. Hind, mkewe, dada yake Sleyum, hakulia wala hakumlaumu. Watoto wa baba yao walikuwa wanane, na baada ya Januari ile walibaki wawili.

"Nnae huyu tu, Mahfoudh," alisema, akaondoa sinia.

Adhuhuri ya siku ile ile akasali msikiti wa mtaani, mwili upo safuni, akili haipo. Kulia kwake alisimama Mwalimu Amur, mkongwe mwembamba aliyekuwa akisomesha hesabu Unguja, sasa anasomesha skuli mpya. Walipotoa salamu watu wakampongeza Mwalimu. Wiki nzima alikuwa akisali amekaa juu ya sanduku pembeni, goti halikunjiki, na leo kasimama, karukuu, kasujudu na wenziwe. Mwalimu akasema alhamdulillahi. Mahfoudh naye akampa mkono, akatoka, mawazo yake yako kwa Sleyum.

Alasiri alikwenda kwa aliyemuuzia Sleyum bastola. Sleyum hakutaka kumtaja, lakini Mahfoudh alimbana mpaka akasema: Pirbakhsh, Mbulushi, duka la nyuma ya wauza ubani. Pirbakhsh alikaa Unguja ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaa wa Ng'ambo, kule kule Unguja. Mahfoudh akamwambia hakuja kumfunga, kaja kuuliza, ila akidanganywa atamfunga. Mzee akacheka, akafunga mlango.

Mtu huyu, kumbe, hauzi bastola mpaka akupime. Chini palitandikwa mkeka. Mnunuzi huambiwa avae silaha kiunoni, akae kitako, akunje miguu, ainuke, arukuu, asujudu. Ndipo mzee husema ndiyo au hapana.

"Wote wanataka kubwa," alisema Pirbakhsh. "Nnawauliza, utaiweka wapi? Bastola huichagulii mkono, bwana. Unaichagulia nguo na kiuno."

Akafungua kitambaa, akazipanga mbili alizokuwa nazo. Ya kwanza haikuzidi kasha la sigara. Hii, alisema, inafichika hata kwenye mfuko wa kizibao, lakini risasi yake hafifu, inaruka mkononi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na mtu akiwa ng'ambo ya chumba humpati. Ya pili ilikuwa ndefu. Hii inatulia, inapiga sawa, ila tazama kishikio chake. Wajinga huogopa mtutu, na mtutu umezama ndani ya nguo. Kinachomsuta mtu ni kishikio.

"Na ya Sleyum?"

"Ya Sleyum ni ndugu ya hii ndefu. Kiwanda kimoja, risasi moja, ila fupi. Kijana wa shati na suruali, anakaa garini kutwa, ilimfaa. Ilikuwa ya mwisho. Hajatoka mlangoni, kaingia mwingine anataka fupi kama ile."

Mahfoudh aliweka kalamu chini.

"Nani?"

"Mie sitazami nyuso, Inspekta. Kazi hii ukitazama nyuso hudumu. Natazama viuno."

"Kiuno chake basi."

"Chembamba. Kanzu ya pwani, pana, hana jambia. Uso kauzungushia kilemba. Nkampa ndefu kama hii, fupi sina tena. Nkamwambia arukuu, kishikio kikatokeza nyuma ya kanzu. Nkamwambia asujudu, ikamtoka kiunoni, ikaanguka pale ulipokaa. Nkamwambia, bwana, hii si ya mtu anayesali jamaa. Ngoja mzigo ujao. Akasema hana wakati wa kungoja, akalipa."

"Lini hiyo?"

"Siku tisa leo."

Mahfoudh alishukuru, akatoka. Alikuwa keshafika penye wauza ubani aliposimama ghafla, mtu wa nyuma akamvaa. Siku tisa. Mtu kanunua bastola asiyoweza kuinama nayo. Mtu huyo anasali jamaa, na akikosa msikitini atafuatwa kwao kuulizwa hali. Atafanyaje? Atasema goti. Atakaa juu ya sanduku, siku nane nzima, mgongo wima. Na siku atakayoitua silaha atasujudu, bila hata kufikiri, maana kusujudu amekuzoea tangu utoto.

Alitamani awe kakosea. Mwalimu Amur ndiye aliyemfundisha Sleyum kuzidisha na kugawanya.

Mwalimu alipanga chumba kimoja penye ua mdogo, akiishi peke yake, akijifulia mwenyewe. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Juu ya kamba palianikwa kanzu moja, na usawa wa kiuno palikuwa na doa jeusi, refu kama kiganja, ambalo sabuni ilikuwa imelishindwa. Mahfoudh alilitazama, kisha akakaa juu ya kibao alichopewa.

"Goti limepona lini, Mwalimu?"

"Leo."

"Asubuhi au mchana?"

"Waniuliza kwa nini?"

"Asubuhi au mchana?"

Mwalimu akatazama kamba ya nguo.

"Kanzu ile umeifua leo?"

"Leo."

"Doa la mafuta halikutoka."

"Halikutoka."

"Mafuta ya nini, Mwalimu? Huna gari, huna taa ya karabai, huna cherehani."

Mzee aliinuka, akaingia chumbani. Mahfoudh aliweka mkono penye bastola yake ya kazi, akachukizwa na nafsi yake kwa kufanya vile, lakini hakuuondoa. Mwalimu akarudi na kitu kimefungwa kwa leso, akakiweka chini baina yao. Kishikio kirefu kilitokeza.

"Umekamata mtu?" akauliza.

"Hukusikia?"

"Nimejifungia humu tangu adhuhuri. Sikutaka kusikia."

"Nimemkamata Sleyum. Bibi Kheiria kasema kasikia sauti yake. Kesho anapandishwa ngomeni."

Mwalimu alipigwa na butwaa. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Akasema yeye alikuwa akingoja tu kusali Ijumaa ya mwisho kisha aje mwenyewe kituoni, na wallahi hakujua kuna mtoto wa watu ndani. Kisha akasimulia, na Mahfoudh akaandika.

"Mimi ndiye niliyembishia usiku ule. Mimi, mke wangu Nasriya na wanangu wawili. Nyumba yangu na yake ukuta mmoja. Nlibisha kwa viganja vyote viwili. Nlimsikia akipumua upande wa pili, Mahfoudh. Hakufungua."

Nasriya na binti zake walikatwa palepale uchochoroni. Mwalimu aliachwa chini yao, wakidhani naye kafa. Kwa miaka sita alizunguka, Mombasa mpaka Cairo, akasomesha watoto wa watu. Alipofika Maskati mwezi wa Oktoba aliambiwa apitie kwa Bwana Suud. Suud akamkumbatia, akamwandikia mstari wake, na mstari ulisema: namjua, nilimwokoa yeye na watu wake usiku wa mapinduzi. Kwa karatasi hiyo Mwalimu alipata kazi. Na jioni, mbele ya baraza nzima, Suud akimaliza hadithi yake humgeukia: si hivyo, Mwalimu?

"Nliitikia," alisema Mwalimu. "Mara tatu nliitikia, kwa ajili ya karatasi. Nasriya kafa mlangoni pake na mimi nnatikisa kichwa."

"Ulikwenda kumuua?"

"Nlikwenda kumtaka aseme kweli mbele ya watu. Siku nane nlikwenda na bastola kiunoni, siku nane nkarudi. Leo nlimkuta peke yake. Nkamwambia, sema kuwa hukufungua. Akanimiminia kahawa. Akasema, yamekwisha, Mwalimu, kunywa."

Mahfoudh aliandika neno hilo la mwisho. Kisha akamtia Mwalimu pingu, kwa taratibu, asimbane.

Asubuhi Meja hakuridhika. Mkongwe asiye na mke wala mtoto anakiri. Nani kasema hajitoi mhanga kwa ajili ya mwanafunzi wake? Silaha mbili, risasi za namna moja, kila moja imepungua risasi moja, na mjane bado anasema kasikia sauti ya Sleyum. Akatazama saa yake. Zilibaki saa tatu kufika adhuhuri. Mahfoudh akaomba kitu kimoja: Mwalimu apelekwe barazani kwa marehemu aonyeshe alivyofanya, na mjane asikilize nyuma ya pazia. Meja akakubali, akasema naye atakuja.

Hind alitangulia, akaketi ndani na Bibi Kheiria kama watu wanavyokaa na mfiwa. Zulia lilikuwa limeshaoshwa. Mwalimu alionyesha alipokaa, alipokaa Suud, kikombe kilipokuwa. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, bila kukosea, na kila alilosema lililingana na ganda, na tundu, na kikombe kilichojaa.

"Nkamwambia, Suud, ulikuwa nyuma ya mlango. Nlikusikia ukipumua."

"Hakuwa peke yake," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Mwalimu aligeukia pazia. Mahfoudh alikwenda karibu na pazia, akauliza polepole:

"Bibi Kheiria, jana asubuhi ulisikia sauti ya nani?"

"Ya Mwalimu. Nlisikia kila neno."

"Mbona ukamtaja Sleyum?"

Kheiria alisema angemtaja Mwalimu, wangeuliza sababu, na sababu ingefika kwake. Sleyum aligombana na mumewe mbele ya watu. Jina lake lilikuwa karibu. Kutoka nyuma ya pazia Mahfoudh alisikia bangili za mkewe, kisha hatua zake, Hind akiinuka kwenda kukaa mbali.

"Suud alikwisha shika komeo," Kheiria aliendelea, na sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "Ile kubisha tu, akaenda mbio na bastola yake. Mie nlikuwa na mimba ya Masouda, miezi saba. Nlimwangukia miguuni, nkamwambia ukifungua nnajitupa kisimani na huyu aliye tumboni. Nlimng'ang'ania mpaka nje kukanyamaza. Na mkono wake juu ya komeo muda wote. Ile hadithi alianza kuisema kwa kaka zangu, walipouliza. Kisha akawa haachi. Alikuwa akiisema mie nkiwa nyuma ya pazia hili, na baadaye akija ndani hakunitazama usoni."

Mwalimu Amur alikuwa amesimama na pingu zake katikati ya baraza.

"Alitaka kufungua?"

"Alitaka, Mwalimu."

"Jana nimemwelekezea bastola kifuani. Mbona hakusema?"

"Angelisema, ungelinijia mimi."

Meja, aliyekuwa hajafahamu hata neno, alimgusa Mahfoudh bega akauliza bibi kasema nini. Mahfoudh akatafsiri lile la sauti kwanza, kwamba shahidi kafuta maneno yake juu ya Sleyum, na Meja akaandika palepale amri ya kumwachia. Ndani, Hind alikuwa akilia, mara ya kwanza tangu jana. Kisha Meja akataka kujua mengine, maana bibi kasema mengi.

Mahfoudh alianza kwa Kiingereza: usiku ule, komeo, mke. Hapo akashindwa.

Mwalimu Amur akamsaidia. Kwa Kiingereza chake safi cha darasani, akitamka kila neno mpaka mwisho, alimweleza Meja kwamba yeye amemuua mtu aliyetaka kumfungulia mlango. Kisha akauliza kama anaweza kukaa, na Mahfoudh akamkalisha.